Mizani Inayonitazama Mimi Tu

Mimi ndiye ninayepima watu. Kikundi chetu cha kujitolea kina ndege moja ndogo ya viti vinne, wanachama kumi na tisa, na maneno mengi kuliko mafuta. Hakuna anayelipwa. Rubani, tunayemwita Kepteni, siku za kazi ni daktari wa meno. Jumamosi huwabeba wagonjwa ambao hospitali kubwa iko mbali nao mwendo wa siku nzima wa barabara mbovu, akawafikisha kwa saa moja na nusu. Mimi ni fundi cherehani. Nilijiunga kwa sababu nilitaka kupanda ndege. Kepteni alinitazama kuanzia juu hadi chini, kwa adabu zake zote, akasema nitafaa sana kwenye mizani.

Sikumkasirikia. Nina kilo tisini na sita na kioo ninacho. Ndege ile haijui cheo wala huruma, inajua uzito. Kepteni akishajaza mafuta na kuangalia joto la siku, maana kwenye joto ndege hubeba kidogo, hunipa namba, na namba hiyo ndiyo ya abiria pamoja na mizigo yao. Kiwanja chetu ni kifupi na mwisho wake kuna miti mirefu. Uzito ukizidi, mtu anabaki, awe nani. Aliwahi kumwacha kaka yake mwenyewe amesimama na begi mkononi.

Mizani yenyewe ilikuwa ya ghala la nafaka, ya kusimama juu yake, na uso wake mkubwa kama sahani. Mtu akipanda pale utamjua alivyo. Wanaume hutunisha kifua. Wanawake huvua viatu, saa na vibanio vya nywele, kisha hubana pumzi kana kwamba nayo ni mzigo. Mzee mmoja alitoa hadi meno ya bandia akaniwekea mezani. Mwanzoni kila aliyekuwa chumbani alisoma kilo za mwenzake, na vicheko havikuisha. Mimi ndiye niliyeugeuza uso wa mizani ukatazama ukutani, pale ninaposimama mimi na daftari langu. Kepteni alinisifu mkutanoni. Alisema nimewastahi wagonjwa, na watu wakanipigia makofi.

Sasa nimlete wifi yangu, dada wa mume wangu. Mwanamke mzuri, sisemi uongo, mwenye mwendo na mavazi, na mdomo ambao haukuwahi kulala njaa. Tangu siku niliyoolewa aliniita Tani. "Tani amefika, shikeni meza." Siku ya kikao cha ukoo alichukua viti viwili vya plastiki, akavipachika kimoja ndani ya kingine, akaniwekea mbele ya wakwe zangu wote. "Kaa, wifi, vitasaidiana." Walicheka mpaka wakashika mbavu. Mume wangu naye alicheka, kidogo, akitazama chini. Aliyenyamaza ni mama mkwe peke yake. Alivitenganisha vile viti, kimoja akakikalia yeye kando yangu. Naomba mlishike hilo, kwa sababu mimi sikulishika siku lilipohitajika.

Waliletwa Jumamosi moja saa sita mchana, jua la kuchoma utosi. Moyo wa mama mkwe ulikuwa umechoka kusukuma damu. Daktari wa zahanati alikuwa ameandika barua kwamba asicheleweshwe. Aliweza kukaa na kuongea, ila kila neno lilimgharimu pumzi. Mume wangu alikuwa safarini kikazi, kwa hiyo wa kumsindikiza alikuwa wifi. Kepteni alinipa namba: mia moja na kumi na nane.

"Shikamoo, mama," nikasema, nikamshika mkono akapanda.

"Marahaba, mwanangu. Usiniachie nianguke."

Hamsini na mbili. Zilibaki sitini na sita. Wifi akavua viatu, akapanda, na hata katika hali ile hakuweza kujizuia. "Leo Tani ndiye hakimu," akamwambia mama yake. "Tumekwisha."

Mshale ulisimama kwenye sitini na nne. Niliuona vizuri kabisa. Alikuwa anatosha, zikabaki kilo mbili za mkoba na khanga.

Sijui niseme nini ili mnielewe, na huenda mmeshanielewa zaidi ya nipendavyo. Nilihisi raha. Ilianzia tumboni ikapanda, raha ya mtu aliyengoja miaka kumi na moja. Nilichotaka ni siku moja tu: abaki amesimama kiwanjani kwa sababu ya mwili wake, aone inavyokuwa, kisha kesho asubuhi kukiwa na ubaridi apelekwe. Nikaandika sabini na moja.

"Umezidi, wifi," nikasema. "Kilo sabini na moja."

"Mimi?"

"Mizani haina wifi."

Alisema mkoba utabaki. Akavua bangili, mkanda, sweta. Alipanda tena, akapanda mara ya tatu, na kila mara nilitazama mshale kwa makini kama mtu mwaminifu, nikatikisa kichwa. Kepteni aliingia akijifuta mafuta mikononi. Nikampa daftari. Alisoma, akamgeukia wifi.

"Dada, pole," akamwambia. "Kwa joto hili siwezi. Mama anaweza kukaa mwenyewe, nitamfunga mkanda vizuri. Wewe nitakufuata kesho alfajiri."

"Kilo chache tu, Kepteni. Nakuomba."

"Ile miti haipokei maombi."

Nilikuwa na muda wa kutosha. Kuanzia mlangoni hadi kwenye ndege ni hatua hamsini, na mama mkwe alizitembea polepole akiwa ameniegemea. Alikuwa anageuka kumtafuta binti yake. Ningeweza kusema nimekosea kusoma, basi, kosa la macho, nani angenilaumu? Nilimfunga mkanda nikamwambia, "Kesho atakuja, mama."

"Ungekuja hata wewe," akasema.

Alikufa angani, dakika ishirini kabla ya kutua. Kepteni alitusimulia msibani, maana ndivyo alivyo, hafichi. Mama alianza kupapasa kile kiti cha pembeni, akiuliza binti yake kaenda wapi. Kepteni aliuachia usukani mkono mmoja akamshika. Mama aliutambua mkono ule kuwa si wa binti yake, akautoa, akaendelea kupapasa.

Madaktari walisema angekufa tu. Maneno hayo nimeyageuza kila upande na hayajanisaidia, kwa sababu sikushitakiwa kwa kumuua. Sikushitakiwa kwa lolote.

Wifi hakula msibani. Tulidhani ni majonzi. Arobaini ikapita, akaanza kuisogeza sahani kwa kidole. Mume wangu alipomshika akamlazimisha, alimwambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Hiki chakula ndicho kilichokalia kiti changu." Jumamosi akaja kiwanjani, akavua viatu, akaomba nimpime. Na iliyofuata. Hamsini na nane. Hamsini na tatu. Tani hakulitamka tena. Ananiita wifi yangu, ananishika mikono yote miwili, ananiambia, "Wewe ungeweza kunitangaza mji mzima, ukanisitiri." Heshima niliyoitafuta miaka kumi na moja nimeipata yote, na kila Jumamosi inaniletea mifupa yake niipime.

Wiki iliyopita mume wangu alinikalisha chini. Alisema daktari amempa dada yake mwezi, akiendelea hivi. "Anakusikiliza wewe tu. Mwambie neno." Sikulala. Asubuhi nilikuwa nimeshaamua, nimelipanga hadi sentensi ya kwanza: wifi, siku ile nilidanganya.

Alipanda juu ya mizani nikiwa nimemshika kiwiko. Arobaini na tatu.

"Niambie ukweli," akasema kabla sijafungua mdomo. "Siku ile, kwa uzito huu, wangenichukua?"

"Wangekuchukua."

"Nafasi ilikuwa kilo ngapi?"

"Sitini na sita."

Alihesabu kwa vidole, taratibu, kama mtoto wa darasa la kwanza. Halafu uso wake ukafunguka na akatabasamu, tabasamu la kwanza tangu mazishi, na lilikuwa baya kulitazama.

"Tano," akasema. "Kumbe zilizidi tano tu. Wifi, ningeacha kula wiki mbili tu kabla, ningemshika mkono."

Kepteni alikuwa mlangoni na namba ya siku. Nyuma yake mgonjwa alikuwa ameshaanza kufungua vifungo vya koti. Sentensi yangu ilikuwa tayari mdomoni. Nilimwambia wifi avae viatu, watu wanasubiri.