Bibi Kabonyeza Tangazo

Wee, asubuhi ile nilipiga ukelele mpaka mama akadhani nyoka kaingia ndani!

Nimekubaliwa! Tovuti yangu, ile ya matokeo ya mechi za mtaani, kampuni ya matangazo imeipitisha. Nikapachika msimbo wao sehemu tatu: juu kabisa, katikati ya matokeo, na chini. Nikafungua ukurasa upya. Looo! Tangazo la viatu hilo hapo, linang'aa!

Hiyo ilikuwa Jumatano. Baba alishasema: Ijumaa ikifika tovuti haijaleta kitu, Jumatatu naanza kubeba saruji dukani kwa baba mdogo.

"Sasa faida yake inaingiaje?" bibi akauliza.

"Watu wakibonyeza tangazo."

"Lete simu."

Bibi kabonyeza. Mama kabonyeza. Dada kabonyeza na mkono wa sabuni. Shangazi, yule fundi cherehani, akaja na simu mbili. Mapenzi gani hayo, jamani! Na mimi nashangilia tu, masharti sijasoma.

Saa nane barua pepe ikaingia: tangazo limebonyezwa mno kutoka nyumba moja, tumekufungia. Yakabaki maboksi matatu meupe.

"Hongera, meneja," dada akasema. "Saruji inakusalimia."

Nikajitupa kwenye kochi. Shangazi akachungulia simu yangu.

"We mtoto, hizo nafasi si zako?"

"Zangu."

"Sasa unalilia viatu vya watu ya nini? Niweke mimi."

Moyo paa! Nikampiga picha kashika jezi aliyoshona mwenyewe. Nikaibandika katikati, kati ya matokeo na msimamo wa ligi, pale ambapo kila mchezaji lazima apite kujitafuta: Jezi za timu yako, tayari kwa siku tatu tu. Na namba yake.

Alhamisi kimya. Ijumaa tunakula, simu ya shangazi ikaita. Kapteni wa timu iliyofungwa saba bila! Anataka jezi kumi na sita, labda mkosi uko kwenye zile za zamani. Hajakata vizuri, simu nyingine: mwenye saluni anauliza, ile nafasi ya juu ina mtu?

Baba akafuta mikono, akachukua simu yangu, akamtazama dada yake pale kwenye picha.

"Kamwambie baba yako mdogo atafute mbebaji mwingine," akasema. Halafu akanyoosha kidole. "Nibonyeze hapa?"

"Usiguse!" nyumba nzima tukapiga kelele.