Misalaba Hulazwa Ndege Ikija

Mama alikuwa kwenye basi, anatoka Kitomanga kuja Kilwa Masoko, na mimi nilikuwa mbele ya kompyuta nikiomba basi hilo liharibike njiani. Mungu anisamehe. Tangu asubuhi nilikuwa nimepekua picha mia mbili za kiwanja cha ndege cha Namtamba, nikitafuta kitu ambacho nilijua hakimo.

Kazi yangu niieleze, maana hata majirani huniona mwehu. Kuna mchezo wa kompyuta ambao mtu hukaa nyumbani kwake akarusha ndege. Mchezo huo unakuja na viwanja vikubwa vya dunia. Vile vyetu vya majani na kokoto hakimo hata kimoja. Basi mimi huvitengeneza. Napiga picha, napima kwa hatua, nachora kila kibanda na kila mkorosho, halafu natuma kwenye mtandao, na mzee mmoja aliyestaafu huko Ulaya anatua Songo Songo akiwa amevaa ndara. Silipwi. Mchana nachapa barua za watu katika duka la kompyuta za mitumba, moja ya biashara zilizochipuka tangu serikali ifungue milango kwa kila mwenye mtaji; jioni naruka. Cha Kilwa Masoko nimekimaliza, cha Songo Songo pia. Cha tatu ni Namtamba, nilikozaliwa, na ndicho kilichosifiwa kuliko vyote. Mtu mmoja aliniandikia kwamba hajaona kiwanja kisafi namna ile.

Kisafi! Neno hilo sasa sitaki kulisikia.

Namtamba kilichongwa zamani kwa ajili ya ndege za kupulizia nzige dawa. Baba yangu, Eusebio, alikuwa mlinzi wake kwa miaka ishirini: kufyeka majani, kufukuza mbuzi, kupandisha ule mfuko wa kuonyesha upepo. Upande wa mashariki, pale njia ya ndege inapoishia, kuna makaburi kumi na moja. Rubani mmoja aliwahi kumwambia baba kwamba hapendi kupokelewa na misalaba. Baba, aliyemheshimu rubani kuliko paroko, akaweka utaratibu: tukisikia ndege inakuja, sisi watoto tunakimbia kung'oa misalaba na kuilaza kwenye majani. Ndege ikiondoka tunairudisha, kila mmoja katika shimo lake. Mdogo wangu Emerensiana alikuwa mwepesi kuliko mimi, na aliomba radhi kila kaburi. Mwaka tisini na moja surua ikamchukua, ana miaka sita. Alizikwa palepale, na tangu hapo msalaba wake nikawa naulaza mimi.

Sasa baba ni marehemu, mama amehamia Kitomanga, na kiwanja kimepata mwekezaji anayetaka kukirefusha kwa ndege za watalii. Katapila linaingia Jumatatu. Afisa aliyekuja kupima hakuwa mtu mbaya. Alimwambia mama kwamba kaburi lolote lenye ushahidi litafukuliwa kwa heshima na kuhamishwa, padri akiwepo. Lakini yeye alichokiona pale ni nyika tupu. Moto wa porini ulipita mwaka jana ukala majani na misalaba yote, kisha mvua na mbuzi wakasawazisha matuta, hata mama mwenyewe hakuweza kuonyesha lipi ni lipi.

"Mama, nipatie picha moja tu yenye misalaba," alimwambia. "Nitajua pa kuchimba."

Mama, maskini, akacheka kwa furaha. Akamwambia kwamba mwanawe alipiga picha kiwanja chote kabla ya moto, hakuacha hata kichuguu. Habari hiyo alinieleza kwa simu ya kibandani, akipaza sauti kana kwamba tumeshinda kitu. Leo ni Jumamosi.

Nilipokwenda kupiga zile picha, Julai ya mwaka jana, na kamera ya kuazima, jambo la kwanza nililofanya lilikuwa kuilaza misalaba. Hakuna aliyeniagiza. Sikufikiri hata kidogo. Mikono ilikwenda yenyewe, kwa kuwa nilikuwa naandaa kiwanja kwa ajili ya ndege. Nikapiga picha hadi betri ikaisha; matuta yenyewe, mafupi, yalifichwa na majani. Basi la jioni likapiga honi barabarani, nikakimbia. Misalaba niliiacha imelala. Moto wa Septemba uliikuta ndani ya majani makavu. Ilikuwa ya mninga. Ingekuwa imesimama kwenye udongo uliopaliliwa, huenda ingebabuka tu. Mama alipokwenda Siku ya Marehemu alikuta majivu, akalia, akasema ni mapenzi ya Mungu. Nilikuwa nimesimama kando yake. Nikaitikia.

Niliwaza kuichora. Ni kazi ya dakika kumi kuweka misalaba kumi na moja kwenye picha, kuichapa na kumpa afisa. Nikakiachia kipanya. Emerensiana ni wa ngapi? Wa nne? Wa tano toka kwenye mkorosho? Miaka yote ile nilifuata shimo, sikuhesabu. Watachimba nitakapochora, watatoa mifupa ya mtu mwingine, na mama ataipokea akiiita mwanangu. Hapana. Mwongo nimeshakuwa, lakini si hivyo.

Mama aliingia saa nane, vumbi hadi kwenye kope. Kwapani alikuwa na mfuko wa plastiki, na ndani yake shuka jeupe, jipya, bado lina karatasi ya dukani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nionyeshe mdogo wako."

Hata maji hakutaka. Nikaogopa kumfungulia picha, nikafungua mchezo, kama unavyompa mtoto pipi kabla ya sindano. Tukapaa kutoka Kilwa Masoko, bahari ikiwa kushoto. Mama, ambaye hajawahi kupanda ndege, alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Akaitambua barabara. Akakitambua kibanda cha baba.

"Eusebio angeyaona haya," alisema. Kisha, tulipogeuka na kuanza kushuka kutoka mashariki: "Punguza mwendo. Punguza, tumefika kwao."

Chini yetu yakapita majani, ya kijani, laini, matupu.

Alisogeza uso. Akapapasa kioo kwa kidole, pole pole, kutoka mkorosho hadi ukingoni.

"Hii ni kabla ya moto?"

"Kabla ya moto, mama."

"Misalaba iko wapi?"

Ningeweza kusema kamera ilikuwa mbovu. "Niliilaza."

Akatikisa kichwa kukubali. "Baba yako ndivyo alivyotaka," alisema. "Na baadaye ukairudisha."

Hakuwa anauliza. Alikuwa ananisaidia, kama alivyonisaidia kila nilipovunja kitu. Sikuweza kumtazama. Nilitazama lile shuka, nikaona vidole vyake vikilikunja upya ingawa lilikuwa limeshakunjwa. Kwenye kioo ndege yetu ilikuwa imetua, inanguruma yenyewe.

"Cletus," mama alisema kwa sauti ndogo, "mimi nilikuwa Kitomanga, labda sikusikia. Siku ile, ndege gani ilikuwa inakuja?"