Andika Nyumba, Usiandike Mtu

Mwaka 1955, mwezi wa saba, Placide alishuka kutoka Fizi kwa baiskeli, shati limemganda mgongoni. Kabla hata hajaketi akaniambia kwamba kesho Baraka, mji wetu wa kando ya ziwa, itapata kiwanda au itakikosa. Placide ni kaka yangu, alikuwa karani ofisini kule juu. Mzungu mmoja alitaka kujenga kiwanda cha kuchambua pamba, akabakiza kuchagua: kwetu au Uvira. Angekuja kuona kama wafanyakazi wapo.

Nilifurahi mpaka nikaunguza maharagwe. Norbert, mume wangu, alikuwa mwaka wa tatu Albertville, mji wa mbali kwenye ziwa hilohilo, akijenga nyumba za watu wengine. Alishasema wazi: siku kazi ya mshahara itakapofika Baraka, atapanda meli ya kwanza.

Kesho yake mzungu akafika saa nne asubuhi, Placide akamwongoza nyumba kwa nyumba. Niliwafuata nyuma na kikapu, najifanya naenda sokoni. Nyumba ya kwanza, mwanaume amelala. Ya pili, wawili wamelala. Ya tatu, mkoromo ulisikika barabarani. Placide, mtu wa ofisi, alibaki kupangusa jasho. Mzungu akafunga daftari.

— Mi natafuta batu ba kazi, akasema. Hapa beko banalala muchana.

Mimi sina subira, kila mtu ananijua. Nikampita kaka yangu, nikasimama mbele ya mgeni.

— Bwana, angalia kule chini. Hii ndagala yote ilitoka ndani ya maji yenyewe? Banavua usiku yote, banarudia asubui.

Ufuo mzima ulikuwa umeanikwa samaki wadogo, unang'aa mpaka macho yanauma. Akaangalia, akatikisa kichwa kukubali. Kisha akauliza: kama wanavua usiku, mchana nani atasimama kwenye mashine?

Moyo ulinidunda kwa furaha, kwa sababu jibu la swali hilo nimekua nalo tangu utotoni.

— Hapa, nyumba ikiwa na bandugu batatu, mumoja iko mu mutumbwi, mumoja iko mu shamba, mumoja anapumuzika. Kisha banabadilishana. Usiandike muntu, bwana. Andika nyumba. Kila asubui nyumba itakutumia muntu mwenye amelala muzuri.

Mzungu akacheka, akafungua daftari. Aliuliza watu wanataka posho gani, nikamwambia unga wa muhogo, wa mahindi wautupie kuku. Tukazunguka, Placide akitaja majina, hadi nyumba arobaini. Nilikuwa natembea kama mtu wa harusini.

Tukafika kwangu.

— Nyumba ya Norbert, akasema Placide, sauti ikamshuka.

— Itatuma nani? akauliza mzungu.

Ndani hamkuwa na mwanaume wa kulala wala wa kuamka. Nyumba yangu ikirukwa, Norbert atarudi kutafuta kazi iliyokwisha kugawiwa.

— Mimi, nikasema. Mupaka atarudia.

Placide akanikanyaga mguu. Mzungu akaangalia mikono yangu, magamba ya ndagala bado yameng'ang'ania kwenye kucha. Akaandika.

Jioni ile ile kaka yangu alishika kalamu, mimi nikamtajia maneno:

"Norbert, panda meli. Nafasi yako ipo, nimeikalia mimi. Lakini usikawie, maana naweza kuipenda."