Abiria wa Pili

Kidole changu kilikuwa kimeshafika kwenye kitufe cha kufuta nilipojiambia kwamba mimi sifuti, nafuata utaratibu. Mtu akitaka kufanya ubaya hakosi utaratibu wa kuufuata. Kwenye kompyuta palikuwa na oda ya kesho yake, gari binafsi kutoka uwanja wa ndege hadi ile hoteli kubwa yenye bustani, na juu kabisa, kwa majina yake yote matatu, alikuwa dada yangu.

Nilikuwa karani katika ofisi ya magari ya kupokea wageni. Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja tu: meza yangu, feni iliyopuliza upande mmoja, ubao wa zamu za madereva, na rundo la vibao vya kuandikia majina ya wageni. Oda zilitujia kupitia hoteli, mgeni mwenyewe hakuwa na habari gari linatoka kwa nani. Ndiyo maana dada hakujua kwamba ombi lake, alilolijaza huko aliko kwenye tovuti ya hoteli, lingekuja kunitua mezani mimi.

Alikuwa hajakanyaga nyumbani kwa miaka saba. Sasa anakuja, na mimi nasoma habari zake kama karani anayesoma habari za mtu baki. Hata hilo ningelimeza. Kilichonikaba ni mstari wa chini, pale penye maombi maalumu. Alikuwa ameandika: "Tuko wawili. Abiria wa pili ni mama yangu, mtu mzima, magoti yanamsumbua. Tafadhali mpitieni kwanza nyumbani saa nne asubuhi, aje anipokee, kisha mtupeleke sote hotelini. Tutakaa siku tatu." Na anwani iliyofuata ilikuwa ya nyumba ambayo funguo zake zilikuwa kwenye mkoba wangu.

Kwa hiyo mama alikuwa anajua. Amejua labda wiki nzima, nami namvua viatu kila jioni, haniambii.

Nasema mapema ili tusidanganyane: mimi ni mtu wa wivu. Si kwa wanaume. Wanaume walikuja wakaenda na sikukosa hata lepe la usingizi. Wivu wangu wote, tangu nina akili zangu, ulikuwa kwa mama. Dada alinitangulia kuzaliwa kwa miaka minne, na nadhani katika miaka hiyo minne walimaliza maneno yote matamu wakaniachia "umefunga mlango?" na "lete maji." Jumapili dada alipopiga simu ya video, mama alivaa hereni. Aliniagiza nimgeuzie kiti ili uso upate mwanga. Dada akikohoa mara moja huko mbali, nyumba nzima haina raha mpaka Jumapili ijayo. Mimi nikilala na homa, naulizwa vidonge vya mama viko wapi.

Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Hawakupita nyumbani kwetu. Kwetu asiyekuwepo ndiye mwenye lake, na langu akachukua.

Ule utaratibu sasa. Ofisini tulikuwa na sheria kwamba mtu wa kupitiwa njiani lazima apigiwe simu siku moja kabla, athibitishe kwa mdomo wake. Asipopatikana, kituo cha njiani kinafutwa na gari linakwenda moja kwa moja. Tuliiweka baada ya madereva kupoteza asubuhi nzima wakigonga milango ya watu waliokwisha badili mawazo. Mama yangu alihitaji milio minane kuinuka kitini, kushika ukuta na kuifikia simu iliyokaa juu ya kabati. Hakuna aliyelijua hilo kuliko mimi. Nikapiga kwa simu ya ofisi. Ukalia mlio wa kwanza, wa pili, wa tatu. Nikakata. Nikaandika: "Hapatikani." Wawili wakawa mmoja, nami nikaenda kunawa mikono kama mtu aliyetoka kufanya kazi ya maana.

Jioni nilimkuta amepiga pasi gauni lake la buluu. Alikuwa amelipiga akiwa amekaa, kola ikabaki na mikunjo, na lilining'inia mlangoni mwa chumba chake bila aibu yoyote.

"Kesho unawahi kazini?" akaniuliza.

"Nawahi. Kuna nini?"

"Hamna. Nauliza tu."

Nikampaka dawa ya magoti. Akaniomba nimkate kucha za miguuni, nami nikamkata, kidole kimoja kimoja, nikijua namwandalia nani. Roho iliniuma nusura nimkate nyama. Mwishowe nikasema, "Mama, huna la kuniambia?"

"La nini tena? We mtoto una maswali!" Na akacheka peke yake, macho yamemng'aa. Sikuwahi kumwona hivyo kwa sababu yangu.

Najua nilichokuwa nafanya. Nilikuwa nampa nafasi ya kukosea. Angesema neno moja, ningeamka alfajiri nikairudisha ile oda kama ilivyokuwa. Hakusema, basi nikajihesabia haki nikalala fofofo.

Dereva wa zamu ile tulimwita Mzee Breki, kwa kuwa alifunga breki hata kwa kivuli cha nguzo. Alinipigia saa tano na nusu.

"Dada, huku kumekucha. Mgeni wako kagoma."

"Kagoma nini?"

"Kupanda. Kakaa juu ya sanduku lake kama kuku anayeatamia. Anasema bila mama yake haendi popote. Mimi namwambia karatasi yangu ina mtu mmoja, anasema karatasi yangu ina wazimu. Haya, zungumza naye mwenyewe."

Kabla sijapata la kusema, sauti ya dada ikaingia sikioni. "Mama yangu yuko wapi?"

Nikamjibu kwa sauti ya kazi, ile laini tunayowawekea wateja. "Samahani sana, mheshimiwa. Hebu niangalie oda yako."

"Usiangalie oda! Nampigia simu tangu niliposhuka, hapokei. Ni mtu mzima yule, yuko peke yake nyumbani. Ana mdogo wangu, lakini yuko kazini, sitaki kumshtua." Akavuta pumzi, nikasikia kilio kinamjia. "Tafadhali, dada yangu. Nakuomba."

Dada yangu, aliniita, asijue anamwita nani. Kusema kweli nilianza na kuudhika: miaka saba ya simu za kila Jumapili, na sauti yangu haijui! Kisha yale maneno mengine yakanifikia. Hapokei. Nikahesabu. Gari lilitakiwa saa nne, sasa ni karibu saa sita.

"Nenda hotelini na dereva," nikamwambia. "Mama analetwa. Nakuahidi."

Nilichukua ufunguo wa gari dogo la ofisi bila kumuuliza mtu. Njia nzima nilimwona mama ameanguka bafuni, mama ameanguka jikoni, mama kichwa chini kwenye ngazi ya mlango. Niliomba, na katika kuomba kwangu nilikuwa najitetea pia, kwamba mimi nilifuata utaratibu. Mungu sijui alinisikilizaje siku ile.

Hakuwa ameanguka. Alikuwa amekaa nje ya geti, kwenye kiti cha plastiki alichokikokota mwenyewe kutoka barazani, amevaa gauni la buluu na hereni, mkoba mapajani, begi dogo miguuni. Alipokaa pale bila shaka palikuwa na kivuli. Sasa jua lilikuwa limemhamia lote, jasho limechora mistari kwenye poda aliyojipaka. Simu aliiacha ndani. Aliponiona nashuka garini, uso wake ulifanya kitu ambacho sijakisahau. Ulianza kufurahi, ukaona ni mimi, ukaacha.

"Mama, toka saa ngapi uko hapa?"

"Sasa hivi tu."

"Toka saa ngapi?"

"Saa tatu na nusu." Kisha akatazama barabarani, si mimi. "Niliogopa kuingia ndani. Nikasema nikiingia, gari litakuja liniache."

Nikashika kiwiko chake nimwinue, akakataa kwa nguvu nisizojua kama anazo. "Usininyanyue. Subiri watu wapite." Hapo ndipo nikaelewa. Nikaona buluu ya gauni imekolea kuanzia mapajani, na chini ya kiti, mchangani, pamelowa. Alikuwa amejizuia tangu saa tatu na nusu, kisha akashindwa, akaendelea kukaa kwa kuwa hakuweza tena kusimama mbele za watu.

Wasichana wawili wa jirani walikuwa wanakuja na ndoo zao wakipiga soga. Nikasimama mbele ya mama, nikawasalimia, nikawauliza habari za nyumbani na za shule na za paka, mpaka wakapita. Kisha nikamfunga koti langu kiunoni, tukaingia ndani.

Nikamwogesha. Nikamvalisha gauni la kahawia analolichukia, maana la buluu lilikuwa moja tu, nikampaka poda upya.

Ndani ya gari akauliza, "Mbona umekuja wewe?"

Ningeweza kusema uongo. Nilikuwa nao tayari, mzuri tu. Nikasema, "Oda ilipita mikononi mwangu, mama. Jana nilikupigia, nikakata kabla hujaifikia simu, nikaandika hupatikani. Jina lako nililifuta mimi."

Tulipita taa mbili za barabarani, zote nyekundu, na katika kila moja nilitamani anizabe kofi yaishe.

"Kwa nini hukuniambia anakuja?" nikalipuka, mimi mwenye kosa. "Mimi nimekukosea nini? Nakulisha, nakuogesha, nakupeleka hospitali. Yeye anapiga simu tu! Fimbo ya mbali haiui nyoka, mama!"

"Ningekuambia, ungekuja," akasema.

"Ndiyo ningekuja!"

"Na dawa zangu. Na kile kiti cha bafuni. Na taulo la kunitandikia, na kuniuliza kila saa kama nimebanwa." Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. "Nilitaka siku tatu niwe mama wa mtu. Yeye hajaniona nilivyo, bado anadhani mimi ni yule wa zamani. Kwako nimekuwa mgonjwa, mwanangu. Si kosa lako. Lakini nimechoka kuwa mgonjwa."

Nilikuwa nimeona wivu miaka yote juu ya kile anachopewa dada. Haikunipitia akilini kwamba kuna anachokipata mama kwa dada, na kwamba mimi, kwa mapenzi yangu yote, nisingeweza kumpa.

Tulipofika hotelini dada alikuwa mlangoni, hajabadilisha hata nguo za safari. Alikuja mbio, akamkumbatia mama, wakalia kwa sauti bila kujali wapagazi wala wageni. Mimi nilishika begi. Kisha akaniona juu ya bega la mama, akashtuka kidogo, kwa haya.

"Kumbe na mdogo wangu umekuja! Umejuaje?" Akamgeukia mama, amemshika mashavu. "Mama, ilikuwaje? Nilikufa kwa hofu. Kama si yule dada wa ofisini aliyenijibu kwa upole, ningeanguka pale pale uwanjani. Huyo lazima nimwandikie barua ya shukrani. Lakini dereva wao! Anasema hukuwepo kwenye orodha!"

Nikafungua mdomo. Mama akanitangulia.

"Nililala," akasema.

"Ulilala?"

"Usingizi, mwanangu. Nilijinyoosha kidogo, ukanichukua. Simu yao ya jana sikuisikia, ya kwako leo sikuisikia. Nikaamka saa hizo jua liko juu, ikabidi nimpigie huyu anilete." Na akacheka, kile kicheko cha jana yake usiku. "Uzee huu, acha tu."

Dada akacheka huku analia. "Mama jamani! Naacha kazi, napanda ndege, wewe umelala!"

Mama hakunitazama. Aliponiaga aliniambia nirudi kazini nisije nikagombezwa, na nikiwa njiani kurudi nikakumbuka kwamba sikumpakia vidonge vyake. Nilisimamisha gari pembeni. Nilikaa hapo kitambo, mkono kwenye gia. Kisha nikaenda kazini. Nikawaachia siku zao tatu.

Ile barua ya shukrani ilifika, imeandikwa vizuri, nikaibandika kwenye ubao wa zamu kwa kuwa bosi aliagiza. Mama tulimzika mwaka uliofuata. Dada hakosi kuisimulia habari ya siku ile. Aliisimulia msibani, akaisimulia arusini kwa binti yake, na kila mara anamwiga mama akisema "usingizi, mwanangu," watu wanacheka mpaka wanajifuta machozi. Nami hucheka nao. Yeye ndiye mwenye hadithi, na picha za bustanini, na zile siku tatu ambazo sikuuliza walizungumza nini.

Mama yangu hakuwahi kulala mchana maisha yake yote, na uongo wa kumkinga mtu sikuwahi kumsikia akisema ila ule mmoja, alioutunga papo hapo, kwa ajili yangu. Wivu wangu haujaisha, sitaki kudanganya. Lakini ule uongo ni wangu peke yangu, na hata dada angenipa siku zake tatu zote, sibadilishani.