Miguu Iliyobaki Tumboni

Waliokuwepo katika chumba cha kushonea mchana ule ni hawa: Mama, mwenye cherehani mbili na kauli ya mwisho, Dada Mkubwa, binti yake wa kwanza, Wifi, mke wa kaka yake, aliyeingia katika familia miezi saba iliyopita, Mjomba, mpiga pasi, na mtoto mchanga wa mdogo wake Dada Mkubwa, aliyelala fofofo ndani ya kapu la mabaki ya vitambaa.

Katika nyumba ile, kila mtoto alishonewa mnyama kwa mabaki ya nguo za jamaa zake. Wanyama watano walikuwa wametoka mikononi mwa Dada Mkubwa, na hakuna aliyewahi kuuliza wa sita angeshonwa na nani. Lakini asubuhi ile Mama alimkabidhi Wifi mkasi, akasema, "Huyu mshone wewe, mwanangu. Una mkono mwepesi."

Mwanangu! Neno lile lilimchoma Dada Mkubwa kuliko sindano. Yeye huitwa "wewe", na siku Mama akifurahi sana, "wewe hapo".

Akajitia kushughulika na vifungo vya shati la mteja, jicho moja likiwa kwa Wifi. Aliomba kimoyomoyo mkono ule mwepesi uteleze. Haukuteleza. Wifi alikata mgongo kutoka shati kuukuu la baba mkwe na tumbo kutoka pazia la maua. Akashona masikio mawili marefu na miguu minne, akavijaza pamba.

"Huyo ni sungura au ng'ombe?" Mjomba aliuliza.

"Ni ndugu yako, Mjomba. Tazama masikio."

Mama alicheka hadi akashika meza. Dada Mkubwa hakukumbuka ni lini Mama alicheka hivyo kwa mzaha wake yeye.

Ndipo alipoliona kosa. Wifi alizoea kushona mapazia, mishono iliyonyooka isiyo na viungo. Alilaza mgongo juu ya tumbo, upande wa ndani ukiwa nje, kisha akabana miguu na masikio kwa pini vikielekea nje, kama mnyama anavyosimama. Anayeijua kazi hii huvilaza viungo katikati ya vitambaa viwili, ili kazi ikigeuzwa vichomoze. Neno moja lingetosha. Dada Mkubwa alilimeza, likashuka tamu.

Cherehani ikanguruma. Wifi akaigeuza kazi kupitia tundu aliloliacha ubavuni, akabaki na mto laini mkononi, usio na mguu wala sikio.

"Amekula miguu yake!" Mjomba aliangua kicheko.

Wifi naye alijaribu kucheka, kisha akauweka mto mezani. "Nimeharibu, Mama. Mpe wifi yangu, yeye ndiye fundi."

Hilo ndilo Dada Mkubwa alilolitaka tangu asubuhi, na sasa halikuwa tamu tena. Mama alimgeukia. "Wewe ulikuwa hapo hapo. Hukuona?"

"Niliona," alijibu. "Tangu pini ya kwanza."

Pasi ya Mjomba ikasimama hewani.

"Nilinyamaza kwa wivu, basi. Yeye ni 'mwanangu', mimi ni 'wewe'."



Dada Mkubwa akavuta kiti karibu na Wifi, akachukua wembe. "Sikilizeni nyote. Mshono huu nitaufumua mimi, kwa kuwa kosa ni langu. Wifi ataipanga miguu upya, nami nitamwelekeza, na mnyama atakuwa kazi yake. Lakini macho," akainua kidole, "macho nitayashona mimi, na hilo halina mjadala."