Marufuku Kumeng'enya

Kengele ya chakula ililia saa sita na nusu, na mshona kola akaachia pedali, akanyoosha vidole, akaingia kwenye foleni. Alikuwa wa thelathini na moja. Pale kiwandani dakika kumi za chakula huhesabiwa tangu kengele, si tangu sahani, kwa hiyo mtu wa thelathini na moja akifika kwenye sufuria zimebaki dakika sita, na akianza kutafuta pa kukaa zimebaki nne. Yeye hakutafuta. Alisimama kando ya rundo la mikono ya mashati, akala wali, maharage na kabichi kwa namna ambayo wenzake waliiita kupakia. Kijiko cha kwanza kikiwa bado njiani, cha pili kilishapiga hodi. Miaka tisa ya kushona kola ilikuwa imemfundisha kupakia, na alipakia vizuri.

Saa kumi na moja jioni king'ora kilipolia, alihisi tumbo limekuwa jepesi na aproni imekuwa nzito. Akatia mkono mfukoni. Wali ulikuwepo, upande mmoja. Maharage upande wa pili, mazima, hata moja halijapasuka. Kabichi juu. Vyote safi, na vuguvugu kidogo.

"Leo wamezidisha chumvi," alisema mshona vifungo, jirani yake wa mashine, akichungulia mfuko wake mwenyewe.

Jambo hili lilikuwa na miezi miwili, na lilianza na tangazo. Siku moja meneja alipita saa nane mchana, akakuta safu nzima ya kola inasinzia. Akamuuliza msimamizi wanafanya nini. Msimamizi alikuwa mtu ambaye tangu azaliwe hajawahi kusema sijui, na jana yake alikuwa amemsaidia binti yake kazi ya shule. Akajibu, "Wanameng'enya, mkuu."

"Wanafanya nini?"

"Wanameng'enya chakula. Mtu akishakula ndiyo hivyo tena."

Meneja hakulijua neno, ila alilisikia lina uvivu ndani yake. Akamwita karani. Kufika jioni karatasi ilikuwa ukutani, herufi kubwa, muhuri chini: NI MARUFUKU KUMENG'ENYA SAA ZA KAZI. Wanawake walisoma wakacheka mpaka wakashikana mabega. Matumbo hayakucheka. Tumbo la mfanyakazi nalo ni mfanyakazi, linajua muhuri ni nini. Tangu siku ile yalikipokea chakula cha mchana, yakakishika hivyo hivyo bila kukigusa, na king'ora kikilia yakakikabidhi kwa mwenyewe, kwa sababu na yenyewe yalikuwa yanatoka kazini.

Tangazo halikubandikwa ghorofani kwenye ofisi. Huko walimeng'enya kama kawaida, na ukipita kwenye ngazi saa nane ulisikia wanacheua.

Mlinzi wa geti, ambaye kazi yake ni kupapasa mifuko asije mtu akatoka na nyuzi, siku ya kwanza aliuliza hiki nini.

"Chakula changu cha mchana."

"Ulikula au hukula?"

"Nilikula."

Akafikiri. Kanuni ilisema chakula cha kiwanda hakitoki nje kikiwa hakijaliwa. Hiki kilikuwa kimeliwa. "Pita," akasema. Yeye aliajiriwa na kampuni nyingine, tumbo lake halikuhusika.

Basi wanawake wakashona mifuko mikubwa zaidi, wakaitia nailoni ndani. Wengi walikipeleka kile chakula kwa waume na watoto, majirani wakawasifu kwa ukarimu, na wao wenyewe wakakonda. Mshona kola alikonda kuliko wote, maana yeye alikuwa akila kwa ajili ya wawili. Nyumbani alikuwa na binti wa miezi saba, tena anayenyonya. Uji aliutema, anataka ziwa tu, na ziwa lilikuwa linakauka.

Muuguzi wa kliniki alimweka mtoto kwenye mzani, akautazama mshale, akamtoa, akamweka tena. Mshale ulirudi pale pale. Ulikuwa mwezi wa pili anashuka.

"Mama, wewe unakula?"

"Nakula, dada. Ila kinarudi."

"Unatapika?"

"Hapana. Mfukoni."

Muuguzi aliandika *mfukoni* kwenye kadi. "Wewe ni wa tano kutoka kile kiwanda," alisema. "Sikiliza, mama yangu. Kutia mdomoni si kula. Tumbo lisipokisaga chakula likakigawa, damu haipati kitu, maziwa hayapati kitu. Unakibeba tu kama mzigo wa mtu." Akamfuta mtoto mdomo. "Mwezi ujao akishuka tena namlaza. Sitaki, lakini nitamlaza."

Mshona kola alimfunga mtoto mgongoni, akatoka. Alimwogopa yule muuguzi, aliuogopa ule mzani, na njia nzima alikuwa akigusa nyayo za mtoto kwenye mbeleko kuona kama bado zipo.

Kesho yake alikwenda na mshona vifungo ofisini, kuomba karatasi itolewe. Meneja aliwasikiliza hadi mwisho. Hakuwa mtu mbaya wa uso.

"Yaani mnapewa chakula," alisema, "halafu mnarudishiwa. Mnakula mara mbili kwa sahani moja. Hebu niambieni wapi kwingine kuna hivyo?"

"Lakini hatukimeng'enyi, mkuu," alisema mshona kola.

"Ndiyo vizuri. Tangazo limefuatwa." Akawashukuru.

Jioni ile alitoa chakula mfukoni hapo hapo getini akakila akienda, mbio mbio, ili maziwa yaanze kujaa kabla hajafika. Kabla hajakata kona kilikuwa kimesharudi kwenye aproni. Akakila tena. Kikarudi tena. Tumbo lilikuwa limeonja kukataa na sasa lilikuwa linachagua. Aliingia nyumbani analia kwa hasira, akamwaga vyote kwenye sahani mbele ya mama mkwe wake.

Mama mkwe aliinamia sahani. Alikuwa amesaga nafaka za watu kwa kinu cha mkono maisha yake yote, na mkono wake wa kulia ulikuwa bado mnene kuliko wa kushoto. Aliokota harage moja, akaligeuza kwenye mwanga wa dirisha.

"Mwanangu, hili lina ngozi yake. Hujalitafuna."

"Nimelila mara tatu, mama!"

"Umelimeza mara tatu. Kinu ukikimwagia debe zima kwa mpigo kinakwama, nacho ni jiwe. Unatia kiganja, unasubiri, unatia kiganja. Huyo mtoto mwache kwanza. Kaa chini."

"Nimechelewa, mama, anataka kunyonya."

"Anyonye nini? Kaa."

Akakaa. Mama mkwe alimpa maji, akamwacha apumue kwanza, ndipo akasogeza sahani. Kijiko cha kwanza, mshona kola alikuwa anakimeza.

"Bado."

Akatafuna.

"Bado. Nani anakufukuza?"

Hakukuwa na mtu anayemfukuza. Alitafuna mpaka wali ukawa mtamu mdomoni, na hapo machozi yakamtoka upya, ya namna nyingine, kwa sababu miaka tisa alikuwa hajui kwamba wali una utamu wake bila kutiwa kitu. Sahani ile moja ilimchukua dakika arobaini. Kisha tumbo likaunguruma, mara moja, kwa uzito, kama jiwe la kinu linapoanza kushika. Wote wawili waliitazama aproni. Ilibaki bapa.

Tangu hapo, saa kumi na moja kasorobo mama mkwe alijitwisha mkeka, akambeba mjukuu, akaja kukaa nje ya ukuta wa kiwanda, upande usio na jua. Mshona kola akitoka, ananawa mikono kwa maji ya kopo, anakaa, anakunjua mfuko. Siku ya tatu mshona vifungo alikuja kuwacheka, akakaribishwa, akakaa. Alikuwa mwanamke wa maneno mengi, na kutafuna kulimnyamazisha kwa mara ya kwanza tangu afahamike.

"Loo," alisema mwishoni, akijishika tumbo. "Huyu ndani mimi nilidhani amehama."

Wiki ya pili walikuwa kumi na wawili. Wiki ya tatu mkeka haukutosha, wakaongeza maboksi ya mashati yaliyokunjuliwa. Mmoja alileta matunda, mwingine ndoo ya maji ya kunywa. Mama mkwe alipita katikati yao na mjukuu begani, akisema bado, bado, haya sasa meza. Wanawake thelathini na wanne walitafuna bila haraka, na baada ya kitambo matumbo yao yalianza kusaga kwa pamoja, ngurumo moja nene ikatembea chini ya lami mpaka kwenye kibanda cha mlinzi. Yule bwana alijua sauti ya mashine zote za kiwanda na hii hakuijua, lakini aliipenda. Alifunga geti taratibu asiwasumbue.

Meneja naye aliwaona, kutoka dirishani ghorofani. Alipitia ripoti za mwezi. Hakuna aliyesinzia tena saa nane, kola zimeongezeka, malalamiko hakuna. Akaona jambo la wazi kabisa, kwamba chakula hakiliwi tena ndani, kinaliwa nje, sasa dakika kumi ni za nini? Karani akaandika karatasi ya pili. Dakika za chakula zikawa saba, na msimamizi akapewa cheti.

Wanawake waliisoma ile karatasi wakiwa wamesimama na sahani mkononi. Mshona vifungo akasonya. Wakapakia, kengele ikalia, wakarudi kwenye mashine.

Siku ya kliniki ilipofika, mama mkwe alitaka aende naye, wakaenda wote watatu. Mshona kola hakuweza kuutazama mzani. Alitazama pazia, akahesabu maua yake, akakosea, akaanza upya. Aliusikia mnyororo wa mzani ukilalamika.

Muuguzi alimtoa mtoto, akamweka tena.

"Dada, niambie tu," alisema mshona kola kwenye pazia.

"Amepanda. Kilo moja kasoro kidogo." Muuguzi alichukua kadi. "Na wewe mwenyewe una mashavu. Tangazo wamelitoa?"

"Hawajalitoa."

"Eti hawajalitoa," alirudia muuguzi, akaandika uzito. Nje, kwenye benchi, wanawake wengine watatu wenye aproni za kiwanda walikuwa wanasubiri na watoto wao.

Walirudi kwa miguu. Mtoto alikataa mbeleko, akitaka kuona njia, basi mama yake alimpakata mkono wa kushoto, akamhamishia wa kulia, akamrudisha wa kushoto. Kwenye kilima alisimama, jasho linamtiririka, akampa bibi yake.

"Mshike kidogo, mama. Mikono inaniuma."

"Inauma nini?"

"Mtoto mzito," alisema, kwa sauti kubwa, ili wanaopita wasikie.