Minyoo wa Shababi

Baada ya sala ya alasiri Athman alimvua punda wake Shababi shogi la mizigo, akampapasa shingo, akamwachia aende zake. Ndivyo wafanyavyo wenye punda wa mtaa wa Mkomani: kazi ikiisha mnyama hujitafutia chakula, na kumfunga ni aibu ya nyumba nzima. Shababi akashika njia ya jaani, nyuma ya mji, akidondosha minyoo vichochoroni. Kila aliyeanguka alilia ko, maana wote walikuwa wa madini ya risasi tupu. Wavuvi wa Kizingitini waliokuja mjini kununua nyuzi waliwaokota, wakawasuuza, wakawafanya chubwi za mishipi yao. Walisema chubwi za dukani hazizami vizuri hivyo.

Lakini Shababi alikonda. Nerea, daktari wa mifugo kutoka bara, akamtoa damu shingoni, na majibu yakaja: damu nyepesi kama sharubati iliyozidi maji, ila risasi hamna hata chembe, ingawa punda hula kwenye majivu ya betri zinazochomwa jaani.

"Minyoo wanamnyonya," alisema, "lakini risasi yote wanaimeza wao kabla haijamfikia. Kwanza mwondoe jaani, Bwana Athman. Dawa baadaye."

Athman alisikia dawa tu. Kumfunga punda na kumnunulia majani hakuthubutu. Majirani wangeuliza amefanya kosa gani mnyama wa watu. Akamnywesha dawa, na jioni akamwachia kama kawaida.

Minyoo wakakatika. Shababi akanawiri, manyoya yakang'aa, na Athman akatamba naye mitaani. Kisha kwato zikaanza kuzama ardhini. Akipita tu, vikombe vya jirani yao Bi Huwaida vinaanguka rafuni, na Bi Huwaida akazoea kuvishika kila asikiapo punda. Asubuhi moja Shababi alipakiwa betri kuukuu za sola za nyumba ya wageni ya Bwana Fahmi, azipeleke jaani kama miaka yote. Hakuinua mguu pale mlangoni. Wakampakua, bado hakuinua. Nerea akamtoa damu tena. Kichupa kikamvuta mkono hadi chini.

"Sasa ni risasi," akasema, akakiacha pale kilipozama.

Athman hakutulia. Alikwenda pwani akarudi, akaketi barazani akainuka. Punda yule ndiye aliyeilisha nyumba yake, na alimpenda kuliko alivyowahi kukiri.

"Bwana Fahmi, betri hizi zisende jaani tena. Ndizo zinazomuwa."

"Nizitie wapi, ndani na wageni?" Fahmi alisema. "Nawe mbona uliwauwa minyoo? Walikuwa na kazi yao. Haya, mtoe, ndia ameiziba."

Athman akapanda boti mpaka Mtangawanda, na kutoka hapo akafika Kizingitini kuwaulizia minyoo. Mmoja wa wavuvi wale alimsikiliza huku akikunja mshipi, kisha akazikata chubwi moja baada ya nyingine.

"Tukua," alisema, akimkabidhi. "Tangu yuzi hawatulii. Wana ndaa."

Athman akarudi, akawachanganya minyoo wale wenye njaa na pumba, Shababi akala yote. Hata wiki haikupita, akang'oa mguu mmoja, kisha mwingine. Mashimo manne yakabaki mlangoni pa Fahmi, naye akayajaza saruji siku ile ile.

Nerea aliziona mbavu zinatokeza upya. "Damu itamwishia huyu."

"Nayua," Athman alijibu.

Betri zilikuwa zikingoja pale pale mlangoni. Athman akazipakia mwenyewe, nusu huku, nusu huku, wakaenda. Shababi alitembea upesi, mwepesi, akidondosha ko, ko njiani. Walipokwisha kuzimwaga, muadhini akaadhini alasiri, basi Athman akamvua shogi, akamwachia huko huko jaani, asimchoshe kwa kwenda na kurudi.